Umefutiwa uwakili jimbo moja la Marekani: ungoje, uhame, au ukae ofisini bila leseni?

Marekani haina leseni moja ya uwakili ya nchi nzima. Kila jimbo lina orodha yake, na wakili wa New York hana ruhusa ya kufungua ofisi Texas mpaka Texas nayo imkubali. Msomaji wa Tanzania ana mfano wa karibu: Bara na Zanzibar zina Mahakama Kuu mbili na orodha mbili za mawakili. Zidisha hayo kwa majimbo hamsini, weka na Washington D.C. juu yake, utaelewa kwa nini wakili aliyefutwa mahali pamoja huanza kutazama ramani.

Swali lenyewe, kama aliyefutwa jimbo moja anaweza kufanya uwakili jimbo jingine, lina jibu fupi linalopotosha: hakuna sheria ya taifa inayosema kwamba aliyefutwa jimbo moja amefutwa kote. Watu wengi husikia hapo, wakafunga mizigo. Mimi nimekuwa nikifasiri Kiswahili katika ofisi za mawakili kwa muda, na nimesikia jibu hilo likitolewa kwa kujiamini na watu wa aina mbili: wakili aliyefutwa, na mteja wake anayetaka kumwamini. Wote wawili wana njia za kuchagua, na zinatofautiana kuliko zinavyoonekana kwa mbali.

Kwanza: adhabu husafiri vipi

Wakili akifutwa, majimbo yenye leseni yake hayangoji kusikia kwa majirani. Kwanza yeye mwenyewe ana wajibu wa kutoa taarifa. California humpa siku 30. Pili, Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, kina hazina ya taifa ya adhabu za mawakili tangu 1968, na majimbo hupeleka huko majina yao. Kisha jimbo la pili humwandikia barua: jieleze, kwa kawaida ndani ya siku 30, kwa nini tusikupe adhabu ileile.

Utetezi unaokubalika ni mwembamba, na msingi wake ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1917, Selling dhidi ya Radford. Unaweza kusema hukupewa notisi wala nafasi ya kusikilizwa. Unaweza kusema ushahidi ulikuwa hafifu mno. Unaweza kusema kukuadhibu vilevile kutakuwa dhuluma kubwa. Majimbo mengi yameongeza la nne: kosa hili kwetu lina adhabu tofauti kabisa. Kusema tu kwamba majaji wa kule walikosea hakutoshi. Kesi hairudiwi upya.

Utetezi huo si wa kwenye karatasi tu. Mwaka 1968, katika kesi ya Ruffalo, wakili wa Ohio aliyeongezewa shtaka jipya kesi ikiwa katikati aliokoka upande wa mahakama za shirikisho, kwa sababu hakujua mapema anashtakiwa kwa lipi. Lakini mwendo wa kawaida ni wa Rudy Giuliani, meya wa zamani wa jiji la New York: New York ilimfuta tarehe 2 Julai 2024, na Washington D.C. ikafuata tarehe 26 Septemba mwaka huohuo. Haikufika hata miezi mitatu. Kwa hiyo mwenye leseni mbili asiihesabu ya pili kuwa akiba.

Vipimo

Njia ni nne: kungoja na kurudi jimbo lilelile, kuomba leseni mpya jimbo jingine, kukimbilia kazi za shirikisho kama uhamiaji na kodi, na kufanya kazi ndani ya ofisi ya wakili mwingine bila leseni. Nitazipima zote kwa mambo yaleyale: mlango uko wazi kiasi gani, muda, gharama, utakula nini ukingoja, na hatari ya kujiharibia zaidi. Kisha nani inamfaa. Njia moja ina mengi ya kusema, nyingine karibu imefungwa, kwa hiyo usitegemee urefu sawa.

Njia ya kwanza: kungoja na kurudi nyumbani

Mlango. Hapa ndipo jimbo lako linapoamua kila kitu. Ohio, Oregon, Indiana na Kentucky, kufutwa ni kufutwa; hakuna kurudi. Kwingine kuna saa inayohesabu. New Jersey ilikuwa kali kupita kiasi: tangu uamuzi wa Wilson wa 1979, wakili aliyechukua fedha za mteja kwa kujua alifutwa maisha, awe alichota dola mia au laki. Mwaka 2024 mahakama yake ya juu ikafungua mlango. Sasa aliyefutwa anaweza kuomba baada ya miaka 5.

Muda. California, Florida, Texas na Pennsylvania, miaka 5. Illinois vilevile 5, ila 3 kwa aliyekubali mwenyewe kufutwa. New York, 7. Hiyo ni miaka ya kuruhusiwa kuomba. Kukubaliwa ni shauri jingine, na wengi hukosea hapo: hudhani mwaka wa tano ukifika leseni inarudi kama mkopo uliokwisha.

Gharama. Lipa wateja uliowadhulumu. Kama mfuko wa kuwalinda wateja uliwalipa kwa niaba yako, urudishie mfuko. Fanya mitihani, New York hutaka ule wa maadili uitwao MPRE, California hutaka wa maadili na wa sheria. Kisha uthibitishe kwamba umebadilika, na mzigo wa kuthibitisha ni wako, kwa ushahidi ulio wazi na wenye nguvu.

Utakula nini. Kazi yoyote isiyo ya uwakili, na jimbo litakuja kuiuliza: ulifanya wapi, uliondokaje, nani atakushuhudia.

Hatari. Ndogo kuliko njia zote, ukikaa mbali na kazi za sheria usizoruhusiwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Alger Hiss, afisa wa zamani wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyetiwa hatiani mwaka 1950 kwa kusema uongo chini ya kiapo. Massachusetts ilimfuta 1952, ikamrudisha 1975 akiwa na miaka 70. Ajabu yake ni kwamba hakuwahi kukiri kosa. Aliendelea kusema hana hatia, na mahakama ikasema kukiri si sharti la lazima. Ilitazama miaka yake ishirini na zaidi ya maisha safi. Weka jina hilo pembeni, tutalihitaji tukifika Maine.

Inamfaa nani. Aliyefutwa kwenye jimbo lenye saa, ambaye kosa lake lina kitu cha kurekebisha: deni la kulipa, ulevi wa kuacha, ugonjwa wa kutibu. Na mwenye mizizi pale, maana mashahidi wa tabia yako ni majirani, waumini wenzako, mwajiri wako. Hao hawahami nawe.

Njia ya pili: kuomba leseni jimbo jingine

Mlango. Uko wazi kwa maana ya kwamba hakuna anayekuzuia kubisha. Lakini kuna ukaguzi wa tabia, na ukaguzi huo ndio mtihani wenyewe. Fomu huuliza kwa maneno yanayofanana karibu kila mahali: umewahi kufutwa, kusimamishwa, kuonywa, au kujiuzulu ukiwa chini ya uchunguzi, katika jimbo au nchi yoyote? Ukiweka alama kwenye ndiyo, unaambatisha hukumu, barua, maelezo, majina ya wateja walioumia. Ukiweka kwenye hapana, umeongeza kosa jipya juu ya la zamani, na mara nyingi hilo jipya ndilo litakalokuzika. Hili linawahusu pia wenzetu waliosajiliwa Nairobi au Dar es Salaam kisha wakaenda kufanya mtihani wa New York: neno nchi yoyote limewekwa kwa ajili yao.

Njia ya mkato wanayotumia mawakili wanaohama, ya kukubaliwa bila mtihani kwa uzoefu, haipo kwako. Hiyo ni ya wenye leseni safi. Utakaa mtihani tena.

Muda. Usidhani unakwepa ile saa ya nyumbani. Florida, kwa mfano, humtaka aliyefutwa kwingine angoje angalau miaka 5, au zaidi kama jimbo lililomfuta lilipanga zaidi. Jimbo jipya mara nyingi huanza kwa kuuliza: kule kwenu umesharudishwa? Kama hujarudishwa, kwa nini sisi tuwe wa kwanza?

Gharama. Mtihani, ada za ukaguzi, kuhamisha familia, na wakili wa kukutetea wewe wakili. Hayo yote kabla hujapata mteja hata mmoja.

Utakula nini. Kama njia ya kwanza, ila sasa uko ugenini.

Hatari. Kukataliwa kunaandikwa, na maombi mengine yoyote utakayofanya yatauliza habari zake.

Hapa ndipo F. Lee Bailey anapostahili kukaa kidogo. Huyu alikuwa miongoni mwa mawakili maarufu zaidi wa karne iliyopita. Alimtetea Patty Hearst, binti wa familia tajiri aliyeshtakiwa kwa wizi wa benki, na alikuwa kwenye jopo la mawakili waliomtetea O. J. Simpson, mchezaji aliyeshtakiwa kwa mauaji. Florida ilimfuta mwaka 2001 kwa jinsi alivyoshughulikia hisa za mamilioni ya dola za mteja wake. Massachusetts, jimbo lake la asili, ikafuata 2003. Akahamia Maine, akaendesha ofisi ya ushauri mjini Yarmouth, na mwaka 2012, akikaribia miaka 80, akakaa mtihani wa uwakili pamoja na vijana waliotoka chuoni. Akafaulu.

Bodi ya Maine ikamkataa kwa kura 5 dhidi ya 4. Akakata rufaa. Jaji mmoja wa mahakama ya juu ya jimbo, mwaka 2013, akaona hatimaye anafaa. Bodi nayo ikakata rufaa kwa jopo zima, na Aprili 2014 jopo likamkataa kwa kura 4 dhidi ya 2. Hoja haikuwa umri wala ujuzi. Walisema hakuthibitisha kwamba anautambua uzito na ubaya wa alichokifanya Florida. Bailey alifariki 2021 bila leseni.

Sasa mrudishe Hiss. Wote wawili walikana, wote walikuwa na majina makubwa, na majimbo yenyewe yako pembe moja ya nchi. Mmoja aliingia, mwingine akabaki nje. Tofauti, kwa macho yangu, ni kwamba Hiss alirudi kwenye mahakama iliyomfuta, akiwa na miongo miwili ya kuonyesha. Bailey aliwaendea wageni na kuwataka waiamini tafsiri yake ya hukumu ya watu wengine. Wageni huisoma hukumu kama ilivyoandikwa.

Kuna pia Stephen Glass, mwandishi wa magazeti aliyetunga habari za uongo miaka ya 1990 kisha akasomea sheria. Hakuwahi kufutwa, maana hakuwahi kuingia. Aliomba New York, akaondoa maombi alipoona hayatafaulu, akahamia California. California ikamkataa mwaka 2014, miaka zaidi ya kumi na tano baada ya uongo wenyewe.

Inamfaa nani. Asikuvunje moyo Bailey kabisa. Kura tano kwa nne na nne kwa mbili si ukuta wa zege. Njia hii inamfaa aliyefutwa kwenye jimbo lisilorudisha mtu maisha, mwenye miaka mingi ya kazi safi baada ya hapo, na ambaye tayari anaishi jimbo jipya kwa sababu nyingine: ndoa, kazi, wazazi. Anayehamia kwa ajili ya leseni peke yake huonekana anahamia kwa ajili ya leseni.

Njia ya tatu: kazi za shirikisho

Hoja yake husikika ya busara: uhamiaji, kodi na hataza (haki za uvumbuzi) ni mambo ya serikali ya shirikisho, basi jimbo lina nini? Na ni kweli Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1957, katika kesi ya Theard, kwamba kufutwa na jimbo hakumfuti mtu mahakama za shirikisho papo hapo. Papo hapo, lakini. Mahakama hizo nazo hutuma barua ya jieleze, kwa vipimo vilevile vya 1917.

Mlango wa uhamiaji umefungwa kwa kufuli mbili. Kanuni zinamtambua wakili kuwa mtu mwenye leseni hai ya jimbo lolote na ambaye hayuko chini ya amri yoyote ya kufutwa au kusimamishwa. Soma sehemu ya pili tena. Mwenye leseni safi ya Pennsylvania aliyefutwa New York si wakili machoni pa mahakama ya uhamiaji. Hata ule uwakilishi wa mashirika ya misaada, ambao hauhitaji leseni, haumpokei aliye chini ya amri ya kufutwa. Ofisi ya hataza hufuata adhabu ya jimbo na hutaka uitaarifu ndani ya siku 30. Mamlaka ya kodi ina utaratibu wa haraka wa kumsimamisha aliyefutwa.

Muda na gharama havina maana ya kuvipima hapa, na cha kula hakipo. Hatari ni kubwa, kwa sababu anayeumia ni mteja. Nakumbuka mama mmoja Mkongo, bahasha kubwa ya kahawia mapajani, karatasi zake za hifadhi zimepangwa kwa tarehe. Alisema, “Mwanangu, wakili ameniambia yuko na leseni ingine, tuendelee tu.” Ilibidi nimfasirie, sentensi kwa sentensi, kwamba leseni ingine haitoshi. Aliuliza mara mbili kama nimefasiri vizuri.

Inamfaa nani. Aliyekwisha kurudishwa. Kabla ya hapo, karibu hakuna.

Njia ya nne: ofisini, bila leseni

Mlango. Kusoma kesi, kuandaa rasimu, kupanga mafaili: kazi ya msaidizi wa kisheria. California inaruhusu, kwa masharti: mwajiri ataarifu kwa maandishi chama cha mawakili cha jimbo na mteja husika, nawe usitoe ushauri, usisimame mahakamani, usiguse fedha za wateja. Florida inaruhusu pia, lakini hakuna kuonana na wateja, na kila robo mwaka kuna taarifa ya kiapo. Ukivuka mpaka mambo hugeuka. New York inakataza hata ukarani wa kisheria. Massachusetts inakataza kazi ya msaidizi kwa ujumla. Illinois haitaki hata uwe na meza ndani ya jengo la ofisi ya uwakili.

Muda. Ni sasa hivi, pale inaporuhusiwa. Hii ndiyo faida yake kubwa.

Gharama. Kipato kidogo, na fahari. Yule uliyemfundisha kazi ndiye atasaini ulichoandika. Glass, baada ya kukataliwa, aliendelea na kazi ya namna hii katika ofisi ya mawakili eneo la Los Angeles, kwa hiyo inawezekana kuishi nayo.

Hatari. Iko kwenye simu. Mteja wa zamani anapiga, anauliza jambo dogo tu, nawe unalijua jibu. Ukilijibu, umetoa ushauri. California inahesabu kufanya uwakili baada ya kufutwa kuwa jinai yenye kifungo, na hata mahali palipo na adhabu nyepesi, simu hiyo itasomwa mbele ya jopo siku utakapoomba kurudi.

Inamfaa nani. Anayeishi jimbo linaloruhusu, ana mwajiri asiyeficha, na anataka ushahidi wa tabia unaotoka ndani ya taaluma. Kwa aliyeko New York au Illinois, kazi nje ya ofisi za sheria ni salama zaidi: usimamizi wa kanuni katika kampuni, kufundisha, ukalimani. (Sisi wakalimani tumewapokea wachache. Huwa wanafasiri maneno ya mahakamani vizuri mno, kisha wanapata shida kunyamaza.)

Kwa hali yako

Bado uko chini ya uchunguzi, hujafutwa. Usifikirie kwamba kujiuzulu kutaifuta habari hiyo. Richard Nixon, rais wa zamani, alijiuzulu uwakili California. New York ikakataa kujiuzulu kwake kwa kuwa hakutaka kukiri, ikamfuta mwaka 1976. Mpe kazi wakili wa mambo ya maadili sasa, maana kila unachokubali hapa kitanukuliwa kwingine.

Umefutwa jana, una leseni ya pili. Toa taarifa leo na uhesabu siku 30. Kama kweli hukusikilizwa au hukupewa notisi, hapo pana kesi ya kupigania. Kama ulisikilizwa ukashindwa, omba adhabu ya pili ianze tarehe ileile ya kwanza ili saa zote mbili ziende pamoja.

Jimbo lako halirudishi mtu. Njia ya nne kwa miaka mingi, mahali panaporuhusu, kisha ya pili. Si kinyume chake.

Jimbo lako lina saa, na kosa lilikuwa fedha. Ya kwanza. Anza kulipa kabla hujaamriwa, hata kwa hundi ndogo, na uweke stakabadhi zote.

Kosa lilikuwa uongo. Hapa sitakupa njia moja. Hiss alirudi nyumbani akaingia. Glass alihama akakataliwa. Na wote walitumia miaka mingi. Mkakati wowote utakaochagua, utaanza na fomu iliyojazwa kweli tupu.

Wewe ni mteja, na wakili anasema amefutwa “jimbo moja tu”. Mwombe namba ya usajili ya kila jimbo aliyowahi kuwa nayo, kisha uingize jina lake mwenyewe kwenye orodha ya mawakili ya kila jimbo. Ziko wazi kwa umma na hazina malipo. Kesi ikiwa ya uhamiaji, tazama pia orodha ya waliosimamishwa inayotolewa na mahakama za uhamiaji, maana huko amri ya jimbo moja inatosha kumtoa. Dai faili lako lote na ada ya kazi ambayo hajaifanya. Kama fedha zako zimepotea mikononi mwake, uliza mfuko wa kuwalinda wateja wa jimbo hilo. Ule wa New York hulipa hadi dola 400,000 kwa hasara moja. Na ukiwa na tarehe ya kusikilizwa, ipigie simu ofisi nyingine kabla ya kugombana na hii, kwa sababu tarehe haisogei kwa sababu wakili amefutwa mpaka mtu aombe isogezwe.